Uzi: Huku Oman tunarithi nusu saa ya maji. Kwenu nani hunywa kwanza, nyumba au shamba?

#1 Viasi_Sita (mleta mada)

Assalaam aleikum wakuu.

Juzi nimepita kwenye uzi wa mgao wa maji Dar nikakuta watu wameshikana mashati. Huyu anataka wakulima wa juu ya Ruvu wafungiwe pampu zao, yule anajibu kwamba watu wa mjini kama wana kiu wakanywe bahari. Hilo la pili likanichekesha, maana nilipo mimi watu wa mjini wanakunywa bahari kweli.

Niko Oman, ndani ndani huku Dakhiliya, si mbali na Nizwa. Kuzaliwa nimezaliwa Unguja. Babu ndiye wa huku, na baba akarejea miaka ya sabini kama wengi walivyorejea. Nyumbani Kiswahili hakijatoka, na mama akikasirika hakasiriki kwa lugha nyingine.

Naleta mada kwa sababu ya mirathi. Baba alipofariki, kilichotukalisha kitako mbele ya kadhi hakikuwa nyumba wala gari. Kilikuwa nusu saa ya maji.

Kijiji chetu kinaishi kwa falaji. Wasiojua: falaji ni mfereji, lakini chanzo cha huu wetu kiko chini ya ardhi, mguuni mwa mlima. Wazee walichimba kisima mama hadi wakayafikia maji, kisha wakachimba handaki lenye mteremko mdogo mno, kilomita kadhaa, mpaka maji yakatoka yenyewe juani karibu na kijiji. Hakuna pampu wala umeme. Watu wa hapa husema Nabii Suleiman bin Daudi alipita Oman siku kumi, na kila siku majini wake wakachimba falaji elfu moja. Serikali ilipohesabu miaka ya tisini ilikuta zaidi ya 4,000, na kama 3,000 hivi ndizo zilizokuwa bado na maji. Hizo elfu sita nyingine sijui majini walizichimba wapi. Tano kati ya zilizopo, Daris ya Nizwa ikiwemo, UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006.

Sasa mgao wenyewe. Maji yanapochomoza tu juani, mahali pale panaitwa sharia. Ndiyo, neno lilelile. Pale hapana zamu na hapana mwenyewe. Unakuja na chombo chako unachota, uwe mwenyeji au mpita njia, mradi usifue wala usioge hapo. Kutoka hapo yanakwenda msikitini, kisha mabafu ya wanaume, ya wanawake, mahali pa kuoshea maiti, ndipo yanaingia mashambani. Mashambani nako kuna mpangilio: mitende iko mbele, na mashamba ya msimu, yaani ngano, vitunguu, majani ya mifugo, yako mwisho kabisa. Hayo ya mwisho huitwa awabi.

Na kuanzia hapo kwenye shamba la kwanza, maji hayagawiwi kwa lita. Yanagawiwa kwa muda. Kipimo chetu kinaitwa athar, ni nusu saa. Athar moja ina kiasi 24, kwa hiyo kiasi kimoja ni dakika moja na robo. Ndani ya nusu saa yako, mfereji wote ni wako, maji yote ya kijiji yanaingia kwako. Ikiisha, unafunga.

Baba alikuwa na athar moja, inarudi kila baada ya siku 8. Kadhi akagawa: mama thumni yake, viasi 3. Sisi wanaume watatu, viasi 6 kila mmoja. Dada, viasi 3. Jumla 24, hesabu imekaa sawa kama vile baba alipanga idadi ya watoto kwa ajili yake.

Zamu ikiangukia usiku natoka na tochi. Mlango wa mfereji ni kipande cha bati, na pembeni jiwe lililoviringishwa matambara ya kuzibia. Aliyenitangulia yuko palepale kachuchumaa, hatuna maneno mengi, wote tunatazama simu. Dakika ikifika yeye anaziba upande wake, mimi nazibua wangu. Maji hayaji kwa kelele. Kwanza kinakuja kiulimi cheusi kinasukuma vumbi na majani makavu, nyuma yake ndiyo tumbo lenyewe. Kabla ya simu na saa, mchana walipima kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku walitazama nyota. Thuraya, hii tunayoiita Kilimia, ikichungulia juu ya mlima, fulani afunge, fulani afungue.

Ninachotaka kusema ni hiki. Falaji ikipungua, hakuna anayekuja kukata mgao wa mtu. Nusu saa inabaki nusu saa, maji ndani yake ndiyo yanayopungua. Mwenye saa tatu na mwenye dakika tano wanapungukiwa kwa pamoja, usiku uleule. Huko nyumbani naona ukame unamwangukia mmoja tu, yule wa mwisho wa mto.

Semeni na ninyi.

#2 Jaruba_la_Mwisho

Mkuu umenigusa penye kidonda. Nalima mpunga Mbarali, na jina langu humu si la mapambo. Majaruba yangu ndiyo ya mwisho kwenye mfereji.

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kule Hifadhi ya Ruaha kiangazi cha 1993. Mwaka 2001 serikali ikaahidi kwamba ifikapo 2010 utatiririka tena mwaka mzima. 2010 ikaja ikapita. Kila Oktoba picha za viboko waliokwama kwenye tope zinazunguka mitandaoni, na sisi wa mpunga ndio wezi.

Sheria haina shida. Ile ya rasilimali za maji ya 2009 imesema wazi: matumizi ya nyumbani kwanza, pili maji ya kuuweka mto hai na viumbe wake, halafu ndiyo shughuli nyingine. Lakini pale kwenye banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto yaingie mferejini, hakuna kifungu, kuna mbao. Mwenye banio la juu anashusha mbao, anatoa kibali chake, na kibali chake ni halali. Kimeandikwa lita kwa sekunde. Mto ukishuka, kibali hakishuki.

Chukua mfano rahisi. Mto una lita 400, wa juu ana kibali cha 200 na wa chini 200. Mto ukishuka hadi 200, wa juu anachukua haki yake yote na hajavunja sheria yoyote. Wa chini anapata mchanga. Na kina mama wa kijiji cha chini, ambao ndio "matumizi ya nyumbani kwanza", wanachimba visima vya mikono mtoni.

Kwa hiyo hilo la kugawa muda nimelielewa haraka kuliko unavyodhani. Swali langu ni la mwizi. Usiku wa manane, nani analinda?

#3 Kobe_wa_Mtaani

Samahani wakuu, mimi nimekwama hapo juu. Kwa hiyo dada yenu kapewa dakika tatu na sekunde arobaini na tano? Amwagilie nini, kucha?

#4 Viasi_Sita

@Kobe_wa_Mtaani, hesabu yako sahihi. Hatuzitenganishi. Mitende ni ile ile ya baba, tunamwagilia kwa pamoja. Angetaka angeuza viasi vyake au kukodisha, maana huku maji yana hati yake na ardhi ina yake. Unaweza kuwa na shamba usiwe na maji, na unaweza kuwa na maji huna hata mche.

@Jaruba_la_Mwisho, swali zuri. Nimetoka kazini, nitalijibu usiku kwa kituo.

#5 Mpare_wa_Milimani

Hebu na mimi nitie langu. Kwetu Same kuna ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, linapokea maji ya mfereji usiku kucha, na asubuhi linafunguliwa kwa aliye kwenye zamu.

Watu wa nje wanafikiri ndiva ni ya kuweka akiba. Akiba ndogo sana hiyo, ya usiku mmoja. Kazi yake kubwa ni nguvu. Kiangazi mfereji unaleta kijito chembamba, ukikiachia kiende shambani moja kwa moja kinanywewa na udongo njiani, mwenye shamba la mbali anabaki anaangalia unyevu. Ukikilaza usiku halafu ukakifungua kwa mkupuo, kinafika.

Nyumbani kwetu bibi alikuwa anachota kabla ndiva haijafunguliwa. Giza la alfajiri, ndoo kichwani, anarudi maji bado baridi. Jua likishachomoza ndiva ni ya wakulima, na ukionekana na ndoo unaangaliwa vibaya. Hakuna mtu aliyeandika popote kwamba nyumba kwanza. Alfajiri ilikuwa ya nyumba, basi.

Siku hizi tuna bomba la kijiji. Bomba likikatika wiki mbili, wale wanaokumbuka utaratibu wa alfajiri ni wazee watatu.

#6 Mkulima_Timau

Wandugu, salamu kutoka Timau, chini ya Mlima Kenya upande ule mkavu.

Sisi pia kwa karatasi tuko sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani. Na kwa kunyunyizia mashamba kuna kanuni moja ambayo ukiisoma unaona imeandikwa na mtu mwerevu: maji ya kawaida ya mto waachiwe watu na mifugo, mkulima achukue maji ya mafuriko wakati wa mvua, ayaweke kwenye bwawa la kumtosha siku 90.

Mwerevu, lakini hakuwa na robo eka. Shamba kubwa la maua linaleta tingatinga, linachimba bwawa, linatandika karatasi nyeusi ya plastiki, kwisha. Mimi nikichimba bwawa la siku 90, bwawa ndilo litakuwa shamba lote. Nitapanda viazi wapi, juu ya maji?

Kwa hivyo wadogo tunachukua mtoni kwa mpira, tunajua si sawa. Tuna jumuiya ya watumia maji ya mto wetu, tunapanga zamu: siku hizi wa juu wafunge, siku zile wa chini. Inashikilia mpaka Februari. Februari ikiwa kali, usiku unasikia pampu ndogo zinakohoa huko bondeni, na kila mtu anajifanya amelala.

Halafu sisi tukimaliza kugombana, kuna watu wa Isiolo na Samburu huko chini ambao hata hawamo kwenye mkutano. Mto Ewaso Ng'iro ukikauka Archer's Post, mfugaji anatembeza ng'ombe kufuata mchanga. Yeye mashamba yetu anayasikia tu.

#7 Bint_Barka

Mwenye uzi, umesimulia kijiji chako vizuri mpaka watu watadhani Oman yote iko hivyo. Mimi pia naandika kutoka Oman, ukanda wa pwani wa Batina, na nitakuharibia hadithi.

Zaidi ya nusu ya mashamba ya nchi hii yako huku kwetu, na huku hakuna zamu wala athar. Kila mtu na kisima chake. Zamani kisima kilivutwa kwa ng'ombe, ng'ombe anachoka, kisima kinapumzika. Miaka ya sabini zikaingia pampu za dizeli, na pampu haichoki. Mashamba yakapanuka, wakapanda majani ya mifugo yanayokunywa maji kama hayana haya. Maji matamu ya chini yakashuka, na kwa kuwa bahari iko palepale, chumvi ikaingia kushika nafasi.

Mjomba wangu alikuwa na miembe tangu utoto wetu. Alianza kusema chai ina ladha mbaya, tukadhani ni uzee. Mwaka uliofuata majani ya miembe yakaungua pembeni, kama mtu kapitisha njiti ya kiberiti kwenye kila jani. Miembe ikafa. Mitende ikabaki, maana mtende unavumilia chumvi, lakini tende zake zikawa ndogo kama zabibu. Na kisima chake kilikuwa halali kabisa. Mtu akivuta sana maili mbili kutoka kwako, chumvi haiulizi ni nani aliyevuta.

Serikali ilishtuka. Ikasajili visima vya nchi nzima, vikapita 100,000, na kuchimba kipya sharti upate ruhusa. Kuchelewa kulishakuwa kuchelewa.

Na nyumbani? Nyumbani tunakunywa bahari, kama ulivyosema. Kiwanda cha kuyatoa chumvi cha Ghubra kilianza 1976, sasa viko vingi. Ndiyo sababu nyumba na shamba huku hawagombani tena: nyumba imehamia baharini, shamba limebaki na maji ya ardhini, na kilimo ndicho kinachochukua zaidi ya asilimia 80 ya maji yote ya nchi. Amani hiyo lakini inanunuliwa kwa gesi na pesa. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipopiga, mabomba ya Muscat yalikauka na watu wakapanga foleni kwenye maboza. Mwaka uliofuata ukaja mwani mwekundu baharini, mitambo ikawa inafungwa. Nchi ambayo haina hiyo pesa isiambiwe ikanywe bahari.

#8 Mzee_Hana_Haraka

Nimesoma yote. Nina neno na mleta mada.

Unasema ukame unawaangukia wote sawa. Nusu ya mtu mwenye saa tatu ni saa moja na nusu, bado anakula. Nusu ya mwenye dakika tano ni matope. Na yule asiye na hata kiasi kimoja? Yule anayechimba, anayezibua, anayepanda mtende kuchavusha? Mimi nimekaa huko miaka ya themanini, nilikuwa fundi. Niliona falaji, nilinywa pale sharia, maji matamu. Niliona pia nani anafunga na kufungua usiku wa baridi, na si yeye aliyeandikwa kwenye daftari.

#9 Viasi_Sita

Shikamoo mzee. Umenishika, na sitajitetea sana.

Falaji inagawa shida. Haigawi mali. Aliyekuja na mengi anaondoka na mengi. Kuna familia hapa zimekusanya maji vizazi kwa vizazi, kwa kununua kwa wenye dhiki. Na siku hizi kweli ukienda shambani asubuhi utakuta ndugu wa Bangladesh ndiye anayejua zamu za kijiji kizima kwa kichwa, na mwenye maji yuko Muscat ofisini. Vijana wetu hawataki. Wa nyumbani kwangu mmoja alidhani kiasi ni neno la kawaida la Kiswahili tu.

Ila kuna sehemu moja ambayo sikuieleza vizuri, nayo ndiyo inayomfaa asiye na kitu. Ni ile sharia. Asiye na shamba anakunywa kabla ya tajiri, na si kwa sababu tajiri ana huruma. Ni kwa sababu mfereji unapita kwake kwanza. Ili umnyime maskini maji ya kunywa hapa, itabidi uupindishe mlima.

Nikimsoma @Mpare_wa_Milimani naona kwao waliifanya kwa saa badala ya mahali: alfajiri. Ni jambo lilelile.

Sasa @Jaruba_la_Mwisho, la mwizi. Falaji yetu ina wakili, huyo ndiye mkubwa, anachaguliwa na wenye maji. Chini yake arifu, ndiye anayesimamia zamu na kuamua ugomvi palepale mferejini. Kuna mshika daftari, na kuna dalali. Ndiyo, dalali yule yule wa Kiswahili. Falaji nyingi zina zamu ambazo si za mtu, ni za falaji yenyewe au wakfu wa msikiti, na dalali anazipiga mnada. Mkulima aliyepungukiwa anakuja kununua nusu saa. Mwaka mzuri inakwenda kwa bei ya chakula cha mchana, mwaka mbaya watu wanapandishiana mpaka sauti zinakauka. Pesa hiyo ndiyo inayofukua handaki likiporomoka na kumlipa arifu.

Kwa hiyo analindwa na nani? Na anayemfuata. Zamu yangu ikianza saa nane na nusu, mimi nipo pale saa nane na robo, namtazama aliyenitangulia. Na anayenifuata anakuja kunitazama mimi. Kwetu ukizidisha muda, unakatwa muda uleule zamu ijayo, na kabla ya jua kuchomoza kijiji kizima kishajua. Lita huwezi kuziona gizani. Dakika kila mtu anaziona.

#10 Kobe_wa_Mtaani

Sawa nimeacha utani. Swali la kijinga: si ingekuwa rahisi wakulima wapunguze tu, watu wanywe? Nyumba zinahitaji maji mengi kiasi gani?

#11 Jaruba_la_Mwisho

Si la kijinga, ndilo lenyewe, na jibu lake huwa linageuzwa kichwa chini.

Hekta moja ya mpunga kwa msimu inafika mita za ujazo 10,000. Hizo ni lita milioni 10. Mpe mtu mmoja lita 50 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Hekta yangu moja ingewatosha watu zaidi ya 500 mwaka mzima. Kijiji chetu cha chini, nyumba zote, zinakunywa chini ya majaruba ya jirani yangu mmoja.

Maana yake si nyumba zinazoukausha mto wetu. Ugomvi ni wa shamba na shamba, wa juu na wa chini. Lakini kwenye mikutano hutamsikia mtu anasema "nataka mpunga wangu ushinde wa fulani". Atasema wananchi wana kiu. Mama mwenye ndoo anawekwa mbele, nyuma yake kuna trekta.

Na mimi nimefanya hivyo, sijifichi. Nimewahi kusimama mkutanoni nikalilia maji ya kunywa ya kijiji, huku mawazo yangu yote yapo kwenye mbegu niliyokwisha kuimwaga kitaluni.

#12 Mkulima_Timau

@Jaruba_la_Mwisho hiyo ya mwisho umeisema kwa niaba ya wengi.

Naomba kurudi kwa jambo dogo la #1 ambalo watu wamelipita. Mitende mbele, mashamba ya msimu nyuma. Hapo ndipo nimekaa nikafikiria kwetu. Mwaka wa ukame wao wanaacha ngano, hawapandi, na mti wa miaka hamsini unaishi. Sisi huku miaka hii kila mtu anapanda parachichi. Parachichi huwezi kuliambia lisubiri mwaka ujao. Zamani ukame ukija tunaruka msimu wa viazi, njaa kidogo, tunaendelea. Sasa kila mtu ana miti, hakuna wa kuruka. Halafu tunashangaa pampu zinakohoa usiku.

#13 Bint_Barka

Ndiyo! Na majani ya mifugo ya huku Batina ni hivyo hivyo, yanavunwa mwaka mzima, hayana msimu wa kulala. Mwenye uzi, hapo nakubali, kijiji chako kilitushinda akili.

Lakini mwambie pia @Jaruba_la_Mwisho hatari moja. Falaji haiuawi na mwizi wa mferejini. Inauawa na kisima kilichochimbwa juu ya kisima mama. Ndiyo maana tangu zamani falaji ina harimu yake, eneo ambalo hakuna ruhusa ya kuchimba. Mkigawa saa vizuri mtoni halafu mtu akachimba kisima kirefu kando ya mto, mtakuwa mnagawana kivuli.

#14 Jaruba_la_Mwisho

Nimeandika yote kwenye daftari, si utani. Sisi tuko mabanio manne kwenye kijito kimoja, na kiangazi kinapokaza tunaweza kukaa wenyewe kabla ya kufika kwa wakubwa. Wazo langu: tupime siku, si lita. Banio langu siku mbili, la jirani siku mbili, na usiku wa kila siku ya nne mbao zote zinapanda, maji yaende kijiji cha chini na mtoni.

Nina maswali mawili ya fundi. Moja: tuanze na banio la juu au la chini? Mbili: maji yaliyobaki njiani nikishafunga, ni ya nani?

#15 Viasi_Sita

La pili ndilo linaloleta ngumi, kwa hiyo lisemeni kabla hamjaanza. Kwetu, maji yaliyokwisha kupita mlango wako si yako tena hata kama unayaona. Na yanayochelewa kufika, yule wa mbali anahesabiwa muda tangu kiulimi kinapogusa mlango wake, si tangu jirani alipofunga. La sivyo wa mwisho analipia njia ya wote.

La kwanza: sisi tunatoka juu kwenda chini, ili wa chini akute mfereji ulioloa tayari. Udongo mkavu ukikutangulia unakunywa kabla yako. Lakini mfereji wetu mwingi umesakafiwa. Wenu ni wa udongo, kwa hiyo sikilizeni wazee wa hapohapo kuliko mimi.

Na usiku wa kijiji cha chini msiuweke siku ya nne. Uwekeni wa kwanza.

#16 Mpare_wa_Milimani

Na kama mna mahali pa kuchimba ndiva hata ndogo kwa ajili ya kile kijiji, chimbeni. Usiku mmoja wa maji bila pa kuyalaza, asubuhi ni tope.

#17 Jaruba_la_Mwisho

Nimeelewa. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Wa banio la juu atakataa, namjua, ni shemeji yangu. Nitaleta mrejesho humuhumu.

#18 Viasi_Sita

Mungu akulainishie shemeji. Mimi naaga, zamu yetu leo ni saa tisa kasorobo usiku na sijalala. Nikirudi nitawajibu waliobaki.

#19 Kobe_wa_Mtaani

Mkuu, usisahau dakika tatu na sekunde 45 za dada.

#20 Viasi_Sita

Nitasahau vipi? Yeye ndiye anayeshika saa.